Mwalimu wa Historia na Mstari wa Msaada

Chini ya kila kazi tuliyomwandikia Mwalimu wa Historia ilitakiwa kuwe na mstari mmoja wa ziada. Ukishamaliza jibu la mwisho uliruka mstari, ukaandika neno "Msaada", ukaweka nukta mbili, kisha ukamtaja kila mtu na kila kitabu kilichokusaidia. Kama hukusaidiwa na yeyote uliandika "Hakuna". Ukiacha pengo, daftari lilirudi bila kusahihishwa, na juu yake maneno manne kwa wino wa kijani: "Kazi hii haina mwenyewe."

Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, lakini mstari ule alitaka uandikwe kwa Kiswahili. Darasani tulikuwa Walugbara, Wakakwa, Waalur na Wanubi wachache wa mjini. Alisema Kiswahili ni lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeipata kwa mama yake, kwa hiyo hakuna atakayependelewa. Yeye mwenyewe alikizungumza kwa namna ya mji wetu wa Arua, kile Kiswahili cha kambi na soko, na alihamia humo kila alipokasirika au alipotaka tumsikie vizuri.

"Msaada si kosa," alituambia siku ya kwanza. "Hata mimi nasaidiwa. Kosa iko hapa: unasaidiwa, halafu unaficha mtu."

Sijui alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani. Sikuwahi kuuliza, na sasa sitaki kujua. Ninachojua ni kile nilichokiona kwa miaka minne katika shule ambayo sitaitaja, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwetu Logiri, na nilichokiona tena siku moja mwaka jana huko Koboko. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima. Sikusomea chuoni, nilijifunza kwa vitabu na kwa kufungua vilivyoharibika. Kazi hiyo imenizoesha kupanga vipande kwenye turubai kwa utaratibu kabla sijasema kipi kimekufa. Hapa nitajaribu kufanya vivyo hivyo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, bega lake la kushoto limeshuka kidogo kwa kubeba mkoba ule ule wa ngozi. Mashati yake yalikuwa meupe na safi, ila kila moja lilikuwa na doa la kijani chini ya mfuko. Chai alikunywa bila maziwa na bila sukari, akiwa amesimama. Chakula cha mchana alikula pamoja nasi, enyasa, ugali wetu mweusi wa muhogo na mtama, ingawa walimu walipikiwa wali wao. Hakuwahi kutuambia kwa nini. Sisi tulidhani anatupenda. Mpishi alidhani anakuja kupima ukubwa wa matonge.

Swali lake kuu lilikuwa moja: "Nani alikuambia?" Alimuuliza mwanafunzi aliyetaja mwaka wa vita, mzazi aliyekuja na malalamiko, na mchungaji aliyetangaza kwamba mvua itachelewa. Siku moja mpishi alikuja hadi mlangoni mwa darasa letu na kusema kuwa maharage yamekwisha.

"Nani alikuambia?" Mwalimu aliuliza, bila kugeuka kutoka ubaoni.

"Sufuria, Mwalimu."

Tulicheka hadi kengele ikalia. Yeye hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Hiyo ni shahidi mzuri. Imeona yenyewe," akaendelea kuandika. Kwa muhula mzima tulikuwa tukiulizana uwanjani nani kakuambia, na jibu lilikuwa sufuria.

Alitoa alama kwa njia ambayo walimu wengine waliiona kama wazimu. Kijana mmoja wa Ombaci aliwahi kuandika chini ya jibu lake: "Msaada: nimenakili yote kwa jirani yangu. Sikuelewa hata kidogo." Alipewa tano kwa kumi. Jirani yake, aliyekuwa na jibu lile lile neno kwa neno na ameandika "Hakuna", alipewa sifuri, kwa sababu Mwalimu alikuwa anaijua karatasi ya mtihani wa zamani ambamo jibu lile lilitoka. Yule wa Ombaci alihamishiwa dawati la mbele kwa wiki mbili, na kila jioni alibaki akifundishwa jibu lile mpaka akaweza kulisema kwa maneno yake.

"Wewe ulileta mlango," Mwalimu alimwambia mbele yetu sote. "Huyu mwingine alileta ukuta."

Wakati wa mitihani ya ndani hakunyata kama wasimamizi wengine. Alikohoa mara mbili hatua kumi kabla ya mlango. Kila aliyekuwa na kikaratasi alipata nafasi ya kukimeza au kukikalia. Naibu wa mkuu wa shule alimlalamikia, na sisi tuliokuwa tukifagia varanda tulimsikia akijibu: "Mimi si askari. Askari anangojea mtu aanguke. Mimi napatia yeye nafasi ya kuacha."

Naandika haya kwa haki. Nilimheshimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele yangu na chaki. Nisiposema hivyo, yanayofuata yatasomeka kama kinyongo cha mtu aliyeshindwa shule.

Kuna jambo nililoligundua nikiwa na miaka zaidi ya thelathini. Kwenye meza moja ya vitabu vikuukuu karibu na Ediofe nilikuta kitabu cha historia kisicho na jalada. Nikafungua katikati, nikasoma aya moja, na sauti niliyoisikia kichwani ikawa yake. Nilikipeleka nyumbani, nikakilinganisha na madaftari yangu ya zamani ukurasa kwa ukurasa. Maelezo yote aliyotuandikisha kwa miaka minne, pamoja na mifano, pamoja na ule utani mmoja kuhusu nyumbu wa gavana, yalitoka humo bila kubadilishwa. Hakuwahi kukitaja kitabu kile. Chini ya maelezo yake mwenyewe hakukuwa na mstari.

Sasa nimtaje Zubeda. Alikuwa mwanafunzi mwenzetu, binti wa familia ya Kiislamu ya Wanubi wa mjini Arua, wale ambao mababu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan. Katika historia hakuna aliyemfikia, hata mimi. Alikuwa na tabia ya kueleza jambo kwa kulipanga kama ugomvi wa majirani, nani alianza, nani alijibu, nani alinyamaza. Alitaka kuwa mwalimu. Alisema atakuwa na wino mwekundu, maana wa kijani unaumiza macho.

Katika kidato cha nne tulifanya mtihani wa majaribio ambao shule kadhaa za eneo letu ziliutunga pamoja. Karatasi zilibadilishanwa: za kwetu zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine. Ulikuwa Alhamisi. Jumanne yake, kwenye varanda ya maktaba, Zubeda alikuwa amenieleza mada moja iliyokuwa ikinishinda, na kwa bahati mada ile ikaja kama swali la tatu. Nikaijibu vizuri. Nilipomaliza nikaruka mstari, nikaandika, kama nilivyokuwa nimeandika kwa miaka minne: "Msaada: swali la tatu nilielezwa na Zubeda, Jumanne, varanda ya maktaba."

Nikapeleka karatasi mbele nikiwa mtu mwenye amani.

Msahihishaji hakutujua. Alimwomba mtu amtafsirie mstari ule wa Kiswahili, akaona kitu kimoja tu: kwamba watahiniwa wawili walilijua swali la tatu siku mbili kabla ya mtihani, na mmoja wao ni mjinga kiasi cha kuandika. Sasa nina umri wa kumwelewa. Mimi pia ningeona hivyo.

Wenzangu darasani walishangaa kwa sababu nyingine. "Wewe iko na kichwa kama ya karani," mmoja aliniambia. "Hata kwa mtihani ya watu wengine unaandika? Ile ilikuwa ya daftari tu." Hakuna mwingine aliyeandika. Wote walikuwa wameelewa, bila kuambiwa, kwamba ukweli ule ulikuwa wa nyumbani. Mimi sikuwa nimeelewa.

Tuliitwa ofisini, mimi na Zubeda. Walikuwepo mkuu wa shule na walimu watatu kutoka shule nyingine. Mle ndani tulizungumza Kiingereza. Maneno nayaweka hapa kwa Kiswahili, jinsi ninavyoyakumbuka. Nilieleza kwamba ile ni desturi ya Mwalimu wa Historia, kwamba kila kazi yetu huwa nayo. Wakamwita. Aliingia na mkoba wake, akasimama karibu na mlango.

"Je, umewaagiza wanafunzi waandike majina ya waliowasaidia kwenye mtihani?" aliulizwa.

"Kwenye mtihani, hapana."

"Na darasani?"

"Wanafunzi huandika mambo mengi kwenye madaftari yao."

"Unaweza kueleza kwa nini huyu aliandika hivi?"

Akaniangalia. Alikuwa na macho ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Hilo lazima aulizwe yeye," alisema.

Nimeyapima majibu yale matatu kwa miaka mingi. Hakuna hata moja lililo uongo. Madaftari yetu yote ya historia yalikuwa kabatini kwake siku ile, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, upande wa lile doa. Nikasema madaftari yaletwe. Mkuu wa shule akamtazama. Yeye akatazama dirisha. Mkuu wa shule akasema haitakuwa lazima.

Majina yetu mawili yaliondolewa katika orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho. Shule iliogopa kuitwa shule ya wizi, na wawili walikuwa bei ndogo. Baba yangu alinipeleka shamba. Kaka yake Zubeda alisema mtoto wa kike ameshasoma vya kutosha, na kwamba, juu ya hayo, amewaletea aibu.

Nilimkuta Zubeda langoni siku tulipochukua masanduku yetu. Hakuwa analia.

"Ni wewe uliandika jina yangu," alisema. "Mimi sikuomba."

"Mwalimu ndiye alitufundisha tuandike."

"Mimi najua. Wewe pia unajua. Lakini wale ndani hawajui, na kaka yangu hajui. Yeye ndiye aseme. Si wewe. Wewe ukisema, ni mwizi mbili wanateteana."

Akasubiri kidogo, kama vile ningeweza kurudi ofisini kumleta Mwalimu. Kisha akapanda baiskeli ya kaka yake.

Nilisikia baadaye kwamba madaftari yalirudishwa darasani wiki mbili baada ya sisi kuondoka, na kwamba tangu siku hiyo Mwalimu hakudai tena mstari wa msaada kwa mtu yeyote. Aliendelea kukohoa mlangoni. Aliendelea kula enyasa. Baada ya miaka michache alihamia shule nyingine, halafu nyingine.

Labda nisingeandika haya kama si karatasi iliyoletwa na binti yangu kutoka shuleni kwake, hapa Arua. Ni kanuni za uaminifu katika masomo, kurasa mbili, na mzazi anatakiwa kutia saini. Mwanafunzi asinakili kazi ya mwenzake. Asiwasilishe kama yake kazi iliyoandikwa na mtu mwingine au na simu. Na ya tano: ataje wazi kila msaada alioupata. Niliisoma ya tano mara kadhaa.

"Baba, mbona unaisoma kama mkataba wa shamba?" binti yangu aliuliza.

"Kwa sababu ni mkataba," nilimwambia. "Hapa wamesema wewe utafanya nini. Sioni waliposema wao watafanya nini ukishasema ukweli."

"Watanipa alama."

"Imeandikwa wapi?"

Akaipindua karatasi, akatazama nyuma. Hakukuwa na kitu. "Baba," alisema, "wewe tia saini tu, wanakusanya kesho."

Nilitia saini. Kanuni zenyewe ni nzuri. Hakuna hata moja ambayo ningeifuta. Lakini najua kwamba sheria ya kusema ukweli ina ncha mbili, yule anayesema na yule anayepokea. Shuleni kwetu ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye alikuwa na ufunguo mfukoni.

Mwaka jana, wakati wa mvua, niliitwa Koboko kutengeneza pampu ya mkono kwenye kisima cha mtaa mmoja nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Kongo. Madumu yalikuwa yamepangwa kwa foleni tangu asubuhi, wenyeji pamoja na wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Nilikuwa nimeshavuta mabomba na kuyalaza kwenye turubai pale mzee mmoja alipokuja na dumu lake, akaliweka mwisho wa foleni, akanisogelea. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka zaidi.

"Fundi, maji itatoka leo?"

"Itatoka, Mwalimu."

Akanitazama. "Nilikufundisha?"

"Miaka minne, hadi kidato cha nne. Nilikaa safu ya pili, dirishani."

Alikwenda akalichukua dumu lake kutoka kwenye foleni, akalileta karibu nami, akalikalia.

"Ni wewe uliandika kwa ile karatasi," alisema.

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hii kwa miaka mingi, marefu, yenye hoja ya kwanza na ya pili. Mkononi nilikuwa na raba iliyolika ya pampu na niliendelea kuisafisha.

"Nilikuwa na watoto wengine arobaini na mbili," alisema. "Wangefungua ile madaftari, wangesema darasa yote inasaidiana. Wangefuta wote."

"Kwenye mtihani hakuna mwingine aliyeandika."

"Siku ile mimi ningejua namna gani?"

"Ungeuliza, Mwalimu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jibu ambalo tayari alishalitolea alama. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, bila mimi kumsukuma: "Mimi nilijua nyinyi hamkuiba. Nilijua tangu mlango. Ile kitu nilifundisha mimi. Nilinyamaza."

Ndivyo alivyosema. Nilingoja nione nitahisi nini. Nilihisi kwamba raba ile inafaa kutupwa.

"Zubeda yuko hapa Koboko," nilimwambia. "Anauza vitenge sokoni. Nikimaliza hapa nina pikipiki. Ni dakika kumi. Mwambie hayo uliyoniambia."

"Kwa soko?"

"Kwa soko, au nyumbani kwake."

"Kwa soko iko watu. Iko wazazi ya watoto nilifundisha hapa." Akapangusa magoti yake. "Watu ya hapa wananiita wakati ya ugomvi ya mashamba, niwaambie ukweli iko wapi. Unajua hiyo?"

"Basi andika. Kalamu ninayo. Sentensi moja, nitampelekea mwenyewe."

"Karatasi inatembea," alisema. "Inatoka kwa huyu, inafika kwa yule." Akatazama foleni. "Mimi nimezeeka, kijana. Unataka wanizike na jina gani?"

Niliingiza raba mpya, nikaunganisha mabomba, nikayashusha. Wanawake wawili walinisaidia kupiga mpini. Maji yalitoka na kutu kwanza, halafu meupe. Mmoja wa wale wanawake akasema mzee apite mbele, dumu lake ni dogo. Yeye alikataa. Alisema watu wamekuja kabla yake, akalibeba dumu hadi mwisho kabisa wa foleni, akasimama pale juani akingoja zamu yake. Nilipofunga vifaa vyangu na kuondoka alikuwa bado hajafika hata katikati.

Nilikwenda sokoni. Zubeda alikuwa anamkunjulia kitenge mama mmoja kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, akimwonyesha kwamba rangi imeingia pande zote mbili. Tunasalimiana kila nikifika Koboko; si zaidi ya hapo. Huniita Fundi.

Nikamweleza yote, kwa mpangilio: dumu, watoto arobaini na wawili, mlango, maneno yake jinsi yalivyokuwa. Alisikiliza huku akipima kitambaa kwa mkono, kutoka kidoleni hadi begani.

"Alisema hivyo? Kwamba alijua?"

"Alisema hivyo."

"Nani alikuwa hapo?"

"Mimi na yeye."

"Na hapa hataki kuja."

"Hataki. Na kuandika hataki."

Akakata kitenge, akakikunja mara nne, akamkabidhi yule mama na kumtakia safari njema. Kisha akaanza kukunja vile vilivyobaki.

"Basi amekuambia wewe," alisema. "Wewe ulikuwa unajua tayari."